Hasikii miguu, lakini miguu inamuuma

Klipu za aina hii husambaa haraka: mtu aliyepooza kwa miaka anasimama, anapiga hatua, kila mtu ana-share. Mei 2023 ilikuwa Mholanzi aliyeumia uti wa mgongo kwenye ajali ya baiskeli. Watafiti wa Lausanne, Uswisi, waliunganisha ubongo wake na uti wa mgongo kwa vifaa vya umeme, akatembea. Desemba 2024 Marekani nayo ikaruhusu kifaa cha kubandika kwenye ngozi ya shingo ili mikono ipate nguvu. Kwenye majaribio ya watu 60, asilimia 72 walipata nafuu.

Ni hatua kubwa, hakuna ubishi. Ila kuna kitu klipu haionyeshi: maumivu.

Yanatoka wapi?

Wengi tunaamini aliyepooza hasikii kitu, kwa hiyo haumwi. Si kweli. Uti ukiumia, taarifa kutoka miguuni hazifiki vizuri kwenye ubongo. Mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa inaanza kutuma ishara za uongo, na ubongo unazisoma kama maumivu. Mtu anahisi miguu inaungua au inapigwa shoti, wakati ukiigusa hasikii.

Huko Australia, watafiti waliwafuatilia wagonjwa kwa miaka mitano baada ya kuumia. Matokeo yaliyotoka 2003 yalionyesha asilimia 81 walikuwa na maumivu. Mengine yalikuwa ya misuli na viungo, mfano mabega yanayochoka kusukuma kiti mwendo.

Panadol haisaidii sana maumivu ya mishipa ya fahamu. Madaktari hutumia dawa kama amitriptyline, gabapentin au pregabalin. Zinapunguza, mara nyingi haziondoi kabisa. Ndiyo maana mazoezi tiba, ushauri wa kisaikolojia na ufuatiliaji vinahitajika pia.

Kwetu je?

Utafiti uliofanyika KCMC, Moshi, ulipitia mafaili ya wagonjwa 288 wa mwaka 2010 hadi 2014. Chanzo kikuu kilikuwa kuanguka, kisha ajali za barabarani. Wengi walikuwa wanaume, umri wa kutafuta riziki. Tatizo lililojitokeza sana wakiwa wodini ni vidonda vya kulalia.

Hapa ndipo mambo yanapoungana. Kidonda cha kulalia au maambukizi ya mkojo huweza kuzidisha maumivu. Na vyote viwili vinapunguzwa na vitu vya kawaida kabisa: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, mpira safi wa mkojo, mto mzuri wa kukalia na ndugu aliyefundishwa. Hakuna roboti hapo.

Shida inaanza siku ya kuruhusiwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya wanaohitaji huduma za utengamao, yaani za kumrudisha mtu kwenye maisha yake, hawazipati. Mei 2023 nchi wanachama zilipitisha azimio la kuziimarisha. Mwaka huohuo Tanzania ikapata sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Kwa hiyo swali la kuuliza si lini kifaa cha Uswisi kitafika Muhimbili. Ni hili: je, bima italipia mazoezi tiba na dawa za maumivu mwaka wa pili, wa tatu, wa kumi? Mgonjwa wa uti wa mgongo haumwi kwa wiki mbili za wodini tu.

Na kama nyumbani una kaka au dada anayesema miguu isiyo na hisia inamuungua, usimwambie anajifanya. Mpeleke kliniki, na amweleze daktari hivyohivyo: inaungua, inapiga shoti, inaanza saa ngapi. Maelezo hayo humsaidia daktari kuchagua dawa.