UGENI WA WALIMU USIWE WA NGOMA NA PICHA TU

Nimeshika kalamu nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona starehe tu: uhusiano wa shule zetu na shule za ng'ambo.

Mipango hii si mipya. Kuanzia mwaka wa 2003 serikali ya Uingereza iligharamia mpango wa Global School Partnerships. Kisha ukaja Connecting Classrooms wa British Council, ambao ulifika hapa Kenya pia. Lengo halikuwa kugawa kalamu na vitabu, bali walimu wa pande mbili wafanye kazi pamoja na wafahamiane. Je, huwa wanafahamiana kweli?

Nilipokuwa Kidato cha Pili tulipata mgeni, mwalimu wa kike kutoka Uingereza. Siku ya kwanza ilikuwa ya ngoma, hotuba na picha. Siku ya pili akaingia darasani kwetu kufundisha. Mwenzetu mmoja alikuwa akinong'ona, basi akamwita mbele na kumwamuru amtazame usoni. Kijana akazidi kuinamisha kichwa. Mgeni akawaka, akidhani anadharauliwa. Sisi tukabaki kushangaa. Kwani kwao mtoto akikemewa humkodolea macho mkubwa wake? Mwenzetu akatolewa nje, machozi yakimlengalenga.

Jioni, mwalimu wetu wa Kiswahili aliketi naye akamweleza kwamba kwetu kuinamisha macho ni heshima. Asubuhi yake mgeni alimwomba kijana yule msamaha mbele ya darasa zima. Lo! Sikuwa nimewahi kuona mwalimu akimwomba mwanafunzi msamaha. Walimu wetu nao walijifunza lao. Tangu siku hiyo yuko mmoja ambaye kabla ya kuadhibu husema kwanza, "Hebu nieleze." Kweli, usilolijua ni usiku wa giza.

Wako wanaosema ati heri pesa za ziara zijenge maabara. Hoja yao ina uzito, maana hapa tunagombania darubini moja. Lakini maabara haimfundishi mwalimu kumwelewa mtoto asiyelelewa kama yeye. Tena ujuzi huo hauhitajiki kwa Wazungu pekee. Mwalimu mzaliwa wa Lamu aweza kupelekwa kufundisha Lodwar.

Hata hivyo, uhusiano wa upande mmoja si uhusiano. Wao huja, lakini walimu wetu wangapi huenda? Nauli ni ghali, na kupata viza si mchezo. Sisi tukiishia kuandika barua za shukrani tu, tutazoea kuwa ombaomba.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, mgeni akae nyuma ya darasa siku kadhaa kabla ya kushika chaki. Pili, afundishe pamoja na mwalimu wetu, kisha waketi jioni waulizane bila haya. Tatu, kila anapokuja mmoja wao, mmoja wetu naye aende. Pesa zikikosekana, walimu waandikiane kwa intaneti, wabadilishane kazi za wanafunzi na kuzijadili.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Nami naongeza kwamba mgeni naye arudi kwao amepona. Je, mwanachama mwenzangu, wewe wasemaje?