Biharusi, Sindano ya Pepopunda Iko Wapi Kwenye Orodha Yako?

Orodha zenu za maandalizi zimejaa: singo, liwa, hina, udi, doti za kanga. Chanjo ya pepopunda hatuioni. Tunasema wazi: somo anayemfunza mwari kujifukiza bila kumkumbusha sindano hii, amemfunza nusu.

Wapo miongoni mwenu wanaoolewa bara, hata Kibosho huko juu ya Moshi. Kule ng'ombe hufugwa bandani na samadi hutiwa kwenye migomba na kahawa. Bakteria wa pepopunda, Clostridium tetani, huishi humo humo: kwenye udongo na matumbo ya wanyama. Hastahimili oksijeni, basi hujifungia ndani ya mbegu ngumu akangoja miaka. Akiingia kwenye jeraha lenye kina au kitovu kibichi, pasipo hewa, huamka na kutoa sumu inayokaza misuli. Wala asijidanganye wa Unguja au Pemba. Udongo na mabanda ya mbuzi tunayo.

Mtoto huzaliwa mzima, akanyonya vizuri siku mbili za mwanzo. Kisha taya hukaza, hawezi tena kunyonya, mwili unapinda. Mara nyingi huwa karibu na siku ya saba, siku ya akika yake. Bila matibabu, karibu wote hufa.

Mnatuambia sindano inafunga uzazi. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki wa Kenya walidai chanjo imetiwa homoni ya kuwafanya wanawake wasizae. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Jiulizeni: mama zetu wamechomwa sindano hii kliniki, mbona sisi tumezaliwa?

Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa pepopunda ya wachanga imeshuka chini ya mtoto 1 kwa kila 1,000 katika kila wilaya. Kazi hiyo imefanywa na chanjo na uzazi safi, si uvumi. Lakini bakteria hafutiki ardhini. Tukiacha kuchanja, atarudi.

Basi nenda kliniki kabla ya harusi. Ya pili ni baada ya wiki 4, ya tatu miezi 6, kisha mbili zilizobaki kila moja baada ya mwaka. Kinga yako humfikia mwanao angali tumboni. Na kitovu kikatwe kwa wembe mpya, kiachwe kikavu. Majivu na samadi marufuku.

Dini imetuamrisha kutafuta tiba. Mahari ya mwanao wa kwanza ni uhai wake, mlipe mapema.