Filamu ya Papa Wemba na mke wa pili

Juma hili tunazungumza sinema. Kuna walioniomba niandike juu ya La Vie est belle, filamu ya Papa Wemba, kwa sababu vijana wanaiangalia kwenye simu na kuwauliza mama zao kama kweli mambo yalikuwa vile zamani.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 1987, nchi ikiitwa bado Zaire. Waliitengeneza watu wawili: Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, na Mbelgiji Benoît Lamy. Papa Wemba anacheza Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayeingia Kinshasa kutafuta bahati. Kwanza anapata kazi ya boyi katika nyumba ya tajiri mmoja mwenye klabu ya muziki, Nvouandou. Kourou anampenda msichana anayeitwa Kabibi. Bosi naye anamtaka Kabibi. Bosi ana mke nyumbani, Mama Mamou, lakini nguvu za kiume zimemwishia, na nganga amemshauri aoe msichana mwingine. Basi hapo ndipo kicheko kinapoanzia. Marehemu Pépé Kallé yumo pia, na nyimbo ni tele, na mwisho ni wa furaha.

Watu wa Kinshasa waliipenda sana. Walijiona wenyewe, na maarifa yao ya kutafuta mkate wa kila siku, ile tunayoiita Artikle 15. Lakini wataalamu wa sinema hawakusema wote neno moja. Wakati ule filamu ya Mwafrika ilitazamiwa iwe ya mapambano: ukoloni, njaa, wakubwa wanaokula mali ya nchi. Wengine waliiona hii kuwa nyepesi mno. Nchi iko chini ya Mobutu, mshahara haumfikishi mtu mwisho wa mwezi, nanyi mnatuonyesha boyi anayeimba na bosi anayekimbilia kwa nganga! Ngangura hakukaa kimya. Mwaka 1996 alitoa maandishi akiuliza kama sinema ya Afrika ni ya mapambano au ya burudani, na yeye alitetea burudani: filamu ambayo watu wetu hawaendi kuiangalia haimfundishi mtu. Miaka mitatu baadaye, 1999, filamu yake nyingine, Pièces d'identités, ilipata tuzo kubwa la FESPACO kule Ouagadougou, nayo pia ina kicheko ndani.

Mimi katika ugomvi huo ninakaa upande wa Ngangura, lakini si kwa sababu yake. Wale waliosema filamu haina jambo zito walikuwa wakitafuta uzito kwa askari na mawaziri. Hawakumtazama Mamou. Mwanamke yuko nyumbani kwake, bwana ana ugonjwa wake wa siri, na dawa ya ugonjwa huo ni msichana wa watu. Nani kati yetu atasema hilo ni jambo jepesi? Katika mtaa wowote wa Kisangani kuna mama aliyepata habari ya biro la pili kutoka kwa jirani, tena sokoni, mbele ya wateja.

Tuliiangalia filamu hii sisi kwa sisi, tukiwa wamama kumi na wawili, umeme ukikatika mara mbili. Mwanzoni wote walicheka. Bosi alipoanza kumtolea Kabibi zawadi, kicheko kikapungua upande mmoja wa chumba. Mama mmoja mwenye mabinti wanne alisema, "Huyu mtoto, nani amemuuliza?" Mwingine akamjibu kwamba akitokea tajiri mlangoni kwake na gari, naye hatamuuliza binti kitu. Hapo tukabishana hadi saa ya kupika.

Sasa sikieni hili, ambalo wale wachambuzi hawakuliandika. Mwaka uleule wa filamu, tarehe 1 mwezi wa nane 1987, ndipo Kode ya Familia ya nchi yetu ilipotiwa sahihi. Inasema mtu hawezi kufunga ndoa mpya kabla ile ya kwanza haijavunjwa. Inasema pia kila mmoja wa wale wanaooana akubali mwenyewe, kwa kinywa chake. Ukubali wa baba na wajomba hautoshi. Kwa hiyo yale yote ambayo Nvouandou anafanya kwenye filamu, huku ukumbi ukicheka, sheria iliyakataza mwaka huohuo. Lakini tusiisifu mno. Kode ileile iliruhusu msichana aolewe na miaka 15, na ilimtaka mke apate ruhusa ya bwana kabla ya kutia sahihi kwenye jambo la kisheria. Ruhusa hiyo iliondolewa tu na sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016, ambayo pia imeweka miaka 18 kwa msichana na kwa mvulana.

Na kwa dada zetu ambao tayari wako katika biro la pili, hatuwacheki. Wewe mwenyewe sheria haikutambui kama mke, hata mahari ikiwa imetolewa na mbuzi wameliwa. Mtoto wako ni habari nyingine. Baba akimtambua kwenye etasivili angali hai, mtoto anarithi sawa na watoto wa nyumba kubwa. Akifa kabla, utahangaika. Usingojee.

Ninayo lawama moja juu ya filamu, tofauti na ile ya wataalamu. Nvouandou anatoka kwa urahisi mno. Tunamcheka, muziki unapigwa, tunamsahau. Na Kabibi ni mzuri, tunamtazama sana, lakini tunamsikia kidogo. Ningependa dakika kumi tu za Kabibi na Mamou peke yao, chumbani, bila mwanaume, waambiane ukweli.

Sauti ya Papa Wemba lakini, hiyo siwezi kuilaumu. Alifariki tarehe 24 mwezi wa nne 2016 kule Abidjan, alipoanguka jukwaani akiimba. Mama yake alikuwa mwimbaji wa matanga, na yeye mwenyewe alisema kwamba kuimba alijifunza kwake. Wale wa matanga kati yenu, mkiisikiliza tena filamu, mtaitambua sauti hiyo.

Juma kesho tunaangalia Pièces d'identités, habari ya mzee anayekwenda Ulaya kumtafuta binti yake. Mwenye jenereta atujulishe mapema.