Treni ya Butere ikirudi, sisi wa miguu tupite wapi?

Baridi ya Julai ikifika Kakamega, asubuhi unavaa koti na jioni unanyeshewa nalo. Tone la kwanza likianguka, boda wanapandisha nauli. Kama mfuko umekauka, unatembea. Na upande wa Butere, ukitaka kufika bila kuzama kwenye matope, unafuata reli.

Si ati watu hawajui hatari. Tuta la reli liko juu, kokoto hazishiki maji na njia imenyooka. Kijia cha kando nacho kimegeuka uji. Kwa hivyo mwanafunzi, mama wa sokoni na kijana anayesaka kibarua wote wanaruka kutoka taruma moja hadi jingine.

Reli hii ilitoka Kisumu, ikapita Maseno, Luanda na Yala, ikafika Butere miaka ya 1930. Treni zilipoadimika, wananchi wakaigeuza njia ya miguu. Miaka ya karibuni ikakarabatiwa. Hiyo ni habari njema, tena sana. Lakini kwa sheria, kutembea juu ya reli bila ruhusa ni kosa. Na ukiwa umefunika masikio kwa kofia ya koti, mvua ikipiga, treni utaisikia saa ngapi?

Wenzetu Marekani wana reli nyingi zilizoachwa ambazo zimewekwa lami, watu wanatembea hata theluji ikianguka. New York iligeuza reli yake ya zamani ya mizigo kuwa High Line, iliyofunguliwa 2009. Sisi hatuhitaji kung'oa chuma. Kando ya reli kuna ardhi ya hifadhi. Njia nyembamba ya lami, mtaro wa maji, na uzio karibu na shule na masoko vingetosha kuanzia.

Utaambiwa hakuna pesa. Lakini nchini Kenya, wanaotembea ndio wanaokufa wengi zaidi barabarani, na mazishi pia yana bajeti. Wachuuzi walio kwenye hifadhi nao wapewe nafasi, wasifukuzwe usiku.

Katiba ya 2010 inatupa haki ya kutoa maoni kuhusu bajeti. Kikao kikiitishwa, tusiwaachie wazee viti vyote. Twende tuseme tunataka njia ya miguu kabla treni haijazoea kupita. Tukinyamaza, Julai ijayo tutakuwa pale pale kwenye mataruma, masikio yamefunikwa.