Kweli Si Mali ya Mtu Mmoja



Kuna neno ambalo twalisikia mara nyingi siku hizi, mijini na hata vijijini: "Kila mtu na kweli yake." Kijana akionywa na babaye, hujibu hivyo. Karani akiulizwa kwa nini ameandika hesabu isiyo sawa, hujibu hivyo. Mume akikumbushwa ahadi aliyoitoa mbele ya altare, naye hujibu hivyo. Neno hili laonekana kuwa la upole, kwa maana halimtukani mtu wala halimlazimishi mtu. Kwa sababu hiyo wengi wenye nia njema hulipokea bila kulipima. Juma hili twataka kulipima pamoja nanyi.

Tuanze na jambo la sokoni. Mama anayenunua unga au mchele hupimiwa kwa kopo. Nanyi akina mama mwajua vema kwamba yako makopo ambayo chini yake yamebonyezwa kwa ndani, ili yajae upesi. Muuzaji wa namna hiyo hasemi, "Mimi ni mwizi." Husema, "Kopo langu ndilo hili. Asiyelitaka aende kwa mwingine." Lakini ikiwa mwingine naye ana kopo lake, na wa tatu ana lake, basi soko limekufa. Mwenye nguvu atapima kama apendavyo, na mwenye njaa atapokea atakachopewa. Kipimo chafaa kwa sababu si cha muuzaji wala si cha mnunuzi. Kiko juu ya wote wawili, na wote wawili hukitii.

Sisi waalimu twaona vivyo hivyo darasani. Saba mara nane ni 56 kwa mtoto wa tajiri, na ni 56 kwa mtoto wa mchuuzi. Mtoto wa maskini aweza kusahihisha hesabu ya mtoto wa mkubwa, hata ya mwalimu mwenyewe, kwa kuwa kweli haiulizi jina la babaye. Siku ile tutakapokubali kwamba kila mtu ana kweli yake, nani atapoteza silaha yake? Si tajiri, maana yeye ana fedha. Si mwenye bunduki, maana yeye ana bunduki. Atakayepoteza ni mnyonge, ambaye hana kinga nyingine ila kusema, "Jambo hili si la haki."

Labda mmoja wenu atatujibu: "Hesabu ni hesabu, lakini mema na mabaya ni habari ya moyo wa kila mtu." Haya, mtu huyo na aende kwa mjane aliyenyang'anywa nyumba na nduguze mumewe. Amwambie: "Wewe, mama, una kweli yako, na shemeji zako nao wana yao." Je, ataweza kusema maneno hayo bila haya? Mjane huyo haombi kusikilizwa kama mtu mwenye maoni yake. Aomba haki.

Fikira hizi hazikuzaliwa jana. Mfaransa mmoja, Alexis de Tocqueville, alisafiri katika Marekani miaka ya 1831 na 1832, kisha akaandika juu ya nchi ile kitabu kikubwa. Katika sehemu ya pili, iliyotoka mwaka wa 1840, alieleza tabia aliyoiona ikikua kwa watu waliojiona kuwa sawa wote. Kila mmoja hujitenga polepole na wenziwe, akabaki na jamaa yake na rafiki zake wachache, akaiacha nchi ijitunze yenyewe. Lakini Tocqueville aliona na jambo la pili, nalo ndilo la kutuamsha. Watu hao hawataki kumtegemea mwalimu wala mzee wala mtu mwingine yeyote, wakisema kwamba akili zao wenyewe zawatosha. Kumbe, kwa kuwa hakuna awezaye kupima kila kitu peke yake, huishia kufuata mawazo ya walio wengi. Anayejivuna kwamba hatawaliwi na mtu, hutawaliwa na kundi.

Tazameni kama si kweli. Mtu asemaye, "Mimi nafanya nipendavyo," ukimwonya mara ya pili atakujibu nini? Atakujibu, "Wote wanafanya hivyo." Hayo ndiyo mambo ya ajabu ya ubinafsi: huanza kwa kusema "mimi", na humaliza kwa kujificha nyuma ya "wote". Pilato alikuwa mtu wa namna hiyo. Alimwuliza Bwana wetu Yezu Kristu kweli ni kitu gani, wala hakungoja jibu. Akatoka nje, akaenda kuuliza watu wanataka nini. Mtu asiyetaka kusikiliza kweli hana budi kusikiliza kelele.

Kwetu Kongo ubinafsi una sura yake. Miaka mingi watu wamesema kwa mzaha juu ya "Article 15", maana yake: jitafutie mwenyewe njia ya kuishi. Mzaha huo ulizaliwa katika taabu, nasi hatuwacheki wale ambao mshahara wao hauji, na ambao hulisha watoto wao kwa biashara ndogo ndogo. Kujitafutia si dhambi. Mara nyingi ni ushujaa, hasa wa akina mama. Dhambi huingia pale mtu anaposema, "Nijitafutie, na mwingine afe." Wahenga walituonya: kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Lakini ngozi ni moja. Ikivutwa na kila mtu upande wake, itapasuka, na hapatakuwa na ngoma wala mchezo.

Je, dawa yake ni kurudi nyuma na kumzamisha mtu ndani ya ukoo, asiwe na neno lake? La, hasha! Ukristu haukuja kufuta uso wa mtu. Kila mmoja hubatizwa kwa jina lake, na kila mmoja atasimama peke yake mbele ya Hakimu. Eklezia hudai kwamba binti na kijana waitikie ndoa kwa hiari yao wenyewe, hata kama wazee wamekwisha kupatana juu ya mahari. Tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, Sista Anuarite wa shirika la Jamaa Takatifu alimkatalia mkubwa wa waasi aliyetaka kumfanya mke, akauawa. Hakuuliza wengi wanasema nini. Mtu mmoja ana thamani kubwa, na kundi halina ruhusa ya kumnunua wala kumwuza.

Tena tuseme wazi: ukoo nao una makopo yake yaliyobonyezwa. Kijana akipata kazi ya serikali, ndugu huja na kumwuliza: "Mwenzako amekwisha kujenga nyumba, wewe umejenga nini?" Hawamwulizi mwenzake alijenga kwa fedha gani. Basi kweli si mali ya mtu mmoja, wala si mali ya ukoo, wala si mali ya kabila au chama. Wote huhukumiwa nayo.

Hapo wengine hutushika, wakisema: "Lakini Eklezia yenyewe yafundisha kwamba mtu afuate dhamiri yake." Ndivyo. Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso Mkuu wa Vatikano II ulitangaza kwamba mtu yeyote asilazimishwe kwenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini, na kwamba kweli huingia moyoni kwa nguvu yake yenyewe, si kwa fimbo. Mtaguso ule ule wafundisha kwamba kila mtu hupaswa kuitafuta kweli, na akiisha kuijua, aishike. Dhamiri si mdomo wa kuamuru tu. Ni sikio kwanza. Mtakatifu John Henry Newman, katika barua yake kwa Duke wa Norfolk iliyotoka mwaka wa 1875, alilalamika kwamba watu wengi wa siku zake walipotaja haki za dhamiri walitaka kusema haki ya kufuata mapenzi yao tu. Alifundisha kwamba dhamiri ni sauti ya Muumba ndani ya mtu. Saa ikiwa mbovu, mwenye nayo hawezi kusema kwamba jua ndilo limekosea. Huipeleka saa kwa fundi. Nasi twapaswa kuipeleka dhamiri yetu kwa Injili, kwa mafundisho ya Eklezia na kwa shauri la watu wenye hekima, mpaka iende sawa.

Maneno haya yote yaweza kuonekana kuwa ya vitabuni. Tuyatazame basi katika maisha ya mtu mmoja wa nchi yetu.

Katika mji wa Goma alikuwako kijana aliyeitwa Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka wa 1981. Alisoma sheria, kisha akapata kazi katika Office Congolais de Contrôle, ofisi ya serikali ikaguayo bidhaa zinazoingia nchini. Saa za kazi zikiisha, alikuwa pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, wakiwahudumia na kuwafundisha watoto wa barabarani, wale ambao watu wa Goma huwaita maibobo. Mwaka wa 2007 uliletwa mchele ulioharibika, usiofaa kuliwa na watu. Floribert alitolewa fedha ili afumbe macho na kuupitisha. Akakataa. Aliwaambia walio karibu naye kwamba fedha ile ingekwisha upesi, na akauliza ni nini kingewapata watu ambao wangekula chakula kile. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 2 Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko alimtaja mbele ya vijana huko Kinshasa kuwa mfano wao. Na tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya kuta za Roma, akatangazwa kuwa Mwenye Heri.

Tufikiri kidogo, wasomaji wapendwa. Milango mingapi ilikuwa wazi mbele ya kijana huyu? Angeweza kusema, "Kila mtu na kweli yake, muuzaji asema mchele ni mzuri, mimi ni nani?" Angeweza kusema, "Wote wanafanya hivyo. Nikikataa mimi, mwingine atapitisha." Angeweza kusema, "Jamaa yangu wana shida, na fedha hii itawasaidia." Milango hiyo mitatu hupitwa na watu kila siku, nao huenda Misa siku ya Jumapili bila kusumbuka, wakisema, "Dini ni dini, na kazi ni kazi."

Floribert hakupita hata mmoja. Mchele uliooza ulikuwa umeoza, hata kama watu mia wangeapa kwamba ni mzuri. Na wale ambao wangeula walikuwa ndugu zake, ingawa hakujua majina yao. Kwa macho ya nje, yeye ndiye aliyebaki peke yake, na waliotaka kumhonga ndio waliokuwa wengi. Lakini ni nani kati yao aliyekuwa mtu wa "mimi"? Wale wengi kila mmoja alikuwa akivuta ngozi kwake. Yule aliyebaki peke yake alikuwa akifikiri juu ya mji mzima. Kumbe kusimama peke yako si ubinafsi, ikiwa umesimama kwa ajili ya wengine. Na kwenda pamoja na kundi si umoja, ikiwa kila mmoja ajitafutia faida yake.

Sasa twasema nanyi, enyi baba na mama. Mtu hajifunzi kusimama hivyo siku ile anapoajiriwa mpakani. Hujifunza nyumbani. Mtoto anayetumwa mlangoni kumwambia mwenye deni, "Baba hayuko," na kumbe baba yuko chumbani, amekwisha kufundishwa kwamba kweli hugeuka kwa faida ya mtu. Mtoto anayeleta fedha nyumbani akasifiwa bila kuulizwa imetoka wapi, amefundishwa vivyo hivyo. Na kijana anayeuliza, "Kwa nini jambo hili ni baya?" msimjibu tu kwamba ndivyo ilivyo desturi, au kwamba padri amesema. Mwelezeni sababu. Kweli haiogopi maswali, na kijana asiyepewa sababu nyumbani ataenda kuzitafuta barabarani. Tena, mtoto akiwa na haki juu ya mzazi katika jambo fulani, mzazi akubali. Hapo mtoto ataona kwa macho yake kwamba kweli iko juu ya baba pia, na heshima ya baba itaongezeka, haitapungua.

Nanyi vijana mlioajiriwa katika ofisi, katika maduka, katika mipaka na katika shule: itakapofika siku ya kuwekewa bahasha mezani, msijiulize kwanza wenzenu wangefanya nini. Ulizeni nani atakula mchele ule. Swali hilo moja litawaonyesha njia.

Tuwaombee wote wanaoshika kweli katika kazi zao bila kuonekana na watu, na wale waliopoteza kazi kwa ajili yake. Na Mwenye Heri Floribert awaombee wana wa nchi yake, ili waipende kweli na kuambiana kweli, katika kila nyumba.