Kishikwambi Darasani na Mkono wa Mwalimu



Wasomaji wetu wapenzi, juma hili twageukia jambo ambalo kina mama wa Diani, Ukunda na Msambweni huulizana kila muhula ufunguliwapo: hivi vishikwambi vya madarasa ya chini vyawafunza watoto kusoma, au vyawachezesha tu? Suali hili ni la haki. Mtoto afikaye Gredi ya 4 bila ya kujua kusoma huachwa nyuma katika kila somo, kwani hesabu, sayansi na hata masomo ya dini yote yamo katika maandishi. Miaka mitatu ya mwanzo ikipotea ni vigumu kuifidia.

Hapa pwani, kujifunza kwa kibao mkononi si jambo geni. Wazee wetu walisoma chuoni kwa ubao wa mti. Maalim aliandika herufi kwa wino, mwanafunzi akasoma mpaka akahifadhi, kisha ubao ukaoshwa na kuandikwa somo jipya. Ubao peke yake haukumfunza mtu. Aliyefunza ni maalim aliyekaa mbele ya mtoto, akamsikiliza na kumsahihisha palipokosewa. Tukilishika hilo, mengi katika habari ya vishikwambi yatatubainikia.

Nchini Kenya safari hii ilianza kwa ahadi ya kampeni za 2013, kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza katika skuli za serikali atapata kipakatalishi. Zabuni ziliingia mizozo, mpango ukachelewa, na ulipoanza kutekelezwa 2016 vipakatalishi vilikuwa vimegeuka vishikwambi. Vifaa zaidi ya milioni 1 vilifikishwa katika skuli zaidi ya 20,000, pamoja na vifaa vya walimu, projekta na mtambo wa kuhifadhia masomo. Kazi hiyo haikuwa ndogo. Lakini kifaa kufika skuli ni jambo moja, na kufika mkononi mwa mtoto ni jingine. Kwingi vilifungiwa kabatini kwa khofu ya wizi, kwingine umeme haukuwa wa kutegemewa, na kwingine mwalimu hakupata mafunzo ya kumtosha. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, ng'ambo tu ya mpaka wa Lunga Lunga, katika mkoa wa Tanga ambako wengi wetu tuna jamaa. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mapema 2019, shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170 vya mkoa huo. Programu zote zilikuwa za Kiswahili, na vijijini zikawekwa sehemu za kuchajia kwa nguvu za jua. Aghalabu ya watoto hao, asilimia 74, iliripotiwa kwamba hawakuwahi kuingia skuli, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu.

Habari hiyo yapasa kusomwa kwa macho mawili. Jicho la kwanza laona rehema: mtoto aliyekosa skuli kabisa aliweza kuanza kusoma kwa lugha aisikiayo kila siku. Jicho la pili laona kwamba nusu ya wale wasiojua kusoma walibaki vile vile, ilhali kifaa walikuwa nacho. Kwa asiye na mwalimu, kishikwambi ni msaada mkubwa, wala hakitoshi kuwa badala ya mwalimu.

Mfano wa tatu watoka Kisumu, katika utafiti uliochapishwa 2016. Skuli ziligawanywa mafungu. Katika fungu moja vishikwambi walipewa maafisa wanaowatembelea na kuwashauri walimu. Katika la pili, walimu wenyewe. Katika la tatu, wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu. Mafungu yote yaliendelea vizuri katika kusoma, lakini lile la watoto wenye vifaa mikononi halikuwashinda wenzao, na gharama yake ilikuwa kubwa zaidi. Mpango wa Tusome, ulioanza nchini kote 2015, ulifuata njia hiyo: mtoto akapewa kitabu chake, mwalimu akapewa mwongozo, na kishikwambi kikawa cha afisa anayeketi nyuma ya darasa, akasikiliza somo na kumshauri mwalimu baadaye.

Basi mzazi afanye nini? Twapendekeza kwamba kwenye mkutano wa wazazi kila mama aende na masuali manne, na ayaulize kwa adabu.

Kwanza, vishikwambi vya skuli yetu viko wapi, na hutoka kabatini mara ngapi kwa juma? Hivyo ni mali ya umma, na mali ya umma ni amana. Kuuliza habari ya amana si ukosefu wa heshima.

Pili, mwalimu hufanya nini wakati watoto wanapovitumia? Akizunguka, akasikiliza na kusahihisha, kuna somo. Akivigawa kisha akaondoka, hapo pana mchezo tu.

Tatu, masomo yaliyomo ni ya lugha gani? Mtoto wetu wa Kidigo au Kiduruma huja skuli na lugha ya mamake, na Kiswahili huwa daraja lake la karibu. Programu zilizotumika Tanga ziliachwa wazi, zitumiwe na yeyote bila malipo. Yafaa skuli zetu zizijue.

Nne, je, wasichana hupata zamu sawa na wavulana? Kifaa kimoja kikigawanywa baina ya watoto watatu, mwenye sauti kubwa ndiye hushika, na binti mpole hubaki kuchungulia. Zamu iandikwe ukutani.

Nyumbani nako kuna kazi, hata kwa mama ambaye hakubahatika kusoma. Programu nyingi humwonyesha mtoto picha tatu achague moja, naye huweza kubahatisha akapata nyota. Kwa hivyo mwambie aliandike neno hilo mchangani au kwenye karatasi, bila ya kioo mbele yake, kisha akusomee. Akiliandika, amelijua. Asipoweza, mjulishe mwalimu mapema.

Na kwa wadogo zaidi, tusiwe na haraka. Shirika la Afya Duniani lilishauri 2019 kwamba mtoto asiyetimiza miaka 2 asiketishwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Huko Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said na wenzake walianzisha skuli za chekechea katika madrasa, wakawafunza watoto kuhesabu na kupambanua kwa vifuu, mbegu na makombe ya pwani. Mpango huo ulienea hadi Zanzibar na Uganda. Vifaa hivyo havihitaji umeme, navyo vimejaa uani na ufuoni petu.

Hatusemi kishikwambi kikataliwe. Watoto wetu watafanya kazi katika dunia ya vifaa hivi, na kuwanyima ni kuwadhulumu. Twasema kitangulizwe mwalimu, kifuatwe na kitabu, na kifaa kije kuwasaidia wote wawili. Skuli ikikosa mwalimu wa kutosha, hilo ndilo la kulilia kwanza mbele ya halmashauri na wakubwa wa kaunti, kabla ya kuomba vioo vipya.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na awape walimu wao subira na malipo mema. Amin.