Gari Likizimika kwa Joto, Mshahara wa Dereva Usikatwe

Ndugu madereva, matingo na mafundi,

Kila kiangazi malalamiko yanayoletwa chamani ni yale yale. Dereva anapakia mzigo Kasese asubuhi kwenye pikapu ya zamani. Saa sita mchana anasimama sokoni, anashusha kidogo, anawasha tena kuelekea Fort Portal. Akianza kupanda, gari linakohoa. Linavuta, linaacha, linashtuka, halafu linazimika katikati ya mlima. Jioni mwenye gari haulizi lolote. Anaandika "uzembe wa dereva", na gharama ya kuvutwa inatolewa kwenye mshahara mwisho wa mwezi.

Sisi tunasema jambo hilo si haki. Tena kwa upande wa ufundi si kweli.

Tueleze sababu. Katika magari mengi ya kabureta pampu ya petroli imefungwa kwenye injini yenyewe, nayo huvuta mafuta kutoka tangi lililo nyuma. Petroli si kama maji. Ikifika joto la nyuzi 35 au 40 hivi huanza kutoa mvuke, na chini ya boneti joto hupita hapo kwa mbali. Mvuke ukiingia kwenye paipu, pampu hupiga mvuke badala ya mafuta, na kabureta hukauka. Injini ikizimwa, feni husimama na maji hayazunguki tena, lakini chuma bado ni cha moto. Joto lile hupanda mpaka kwenye kabureta. Ndiyo maana gari huja kusumbua baada ya kupumzika kidogo sokoni, wala si asubuhi.

Mlima nao huongeza taabu. Kasese iko mita 900 hivi juu ya bahari, Fort Portal mita 1,500 hivi. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito na petroli inachemka upesi zaidi. Mlima huo hakuuweka dereva.

Lakini ndugu zetu, tusiseme kila kukohoa ni joto la petroli. Mfanyakazi anayetaka haki yake aje na ushahidi. Gari likizimika, lisogeze kando ya barabara, weka alama nyuma, fungua boneti, zima sigara. Liache lipoe kidogo, kisha pima kwa utaratibu huu.

Kwanza, fungua kofia ya tangi. Ikivuta hewa kwa sauti na gari likakubali baada ya hapo, basi tundu la hewa la kofia limeziba. Pili, toa plagi moja. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yamechemka ndani ya kabureta na kumwagikia kwenye injini. Irudishe plagi, kanyaga mafuta mpaka chini, shikilia hapo bila kupampu, kisha piga stata. Ikiwa plagi ni kavu, petroli haifiki. Funika pampu na paipu kwa kitambaa kilicholowa maji, ngoja dakika 20, ujaribu tena. Usimwagie maji injini ya moto, maana chuma hupasuka. Tatu, kama petroli inafika na plagi si mbichi, tazama moto wa umeme, lakini mbali na petroli iliyomwagika. Koili iliyochoka hufanya kazi ikiwa baridi na hugoma ikipata joto.

Ukishajua ugonjwa, dawa haziko mbali. Paipu isogezwe mbali na ekzosi. Chini ya kabureta pawekwe kipande kinene kisichopitisha joto. Rejeta isafishwe, mkanda wa feni ukazwe, pampu iliyochoka ibadilishwe. Kibanio cha nguo kwenye paipu, ambacho wengine hukisifu, hakiponyi gari. Kazi hizo ni za fundi, na fundi hawezi kuzifanya kama mwenye gari hanunui vipuri.

Wapo waajiri wanaojibu kwamba dereva ndiye anayelichosha gari kwa mzigo mkubwa. Twawauliza: ni nani aliyeandika hesabu ya magunia? Ni nani aliyesema mzigo ufike kabla ya saa nane? Mtu haamrishi haraka kisha akamtoza mwenzake faini kwa matokeo ya haraka hiyo.

Sheria ipo. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara utakatwa tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya mwenye gari haimo katika hayo matatu.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kila gari liwe na daftari, dereva aandike siku, saa, mahali, uzito wa mzigo na alichokiona kwenye plagi. Fundi alitazame gari kabla ya mtu yeyote kuhukumiwa. Muda wa kungoja gari lipoe uhesabiwe kuwa ni muda wa kazi, ili dereva asilazimike kuliwasha kwa nguvu na kuunguza mikono au gari zima. Na makato yasifanywe bila dereva kusikilizwa mbele ya mjumbe wa chama.

Gari linalozimika wakati wa kulipita lori mlimani linaweza kuua watu. Anayemtoza dereva faini na kuliacha gari lilivyo, kesho atalituma tena barabarani na ugonjwa ule ule, na abiria wakiwa juu ya mzigo.

Ndugu, nunueni daftari wiki hii. Andikeni. Mkija ofisini na kurasa kumi zenye mlima ule ule na saa ile ile, hakuna atakayethubutu tena kuuita huo uzembe.